Umembadili msimulizi na hadithi imeharibika: dalili, vyanzo na namna ya kurekebisha

Umeandika hadithi fupi kwa nafsi ya kwanza. Baada ya wiki ukaisoma tena, ukaona haijakaa sawa, ukaamua kuihamishia nafsi ya tatu. Kila "ni-" ikawa "a-", kila "yangu" ikawa "yake", na jina la mhusika likapachikwa pale palipodai jina. Hukugusa tukio hata moja. Hata hivyo hadithi imepoa, na huwezi kuonyesha kwa kidole ni wapi ilipopoea.

Nimekutana na hali hii mara nyingi, katika rasimu za wengine na katika zangu. Nimefikia kuamini kwamba anayembadili msimulizi anabadili nani anajua nini, na anakijua lini. Viambishi vinafuata nyuma tu. Ukivibadili peke yake, ujuzi wa msimulizi wa zamani unabaki ndani ya hadithi mpya kama samani za mpangaji aliyehama, na msomaji anajikwaa humo gizani bila kujua amejikwaa na nini.

Hapa chini nimepanga mambo kwa dalili. Nenda moja kwa moja kwenye ile inayokusumbua, ila soma kwanza sehemu inayofuata, kwa sababu matibabu yote yanaitegemea.

Kabla ya kutafuta ugonjwa

Mwaka 1972 mhakiki wa Kifaransa Gérard Genette alitenganisha maswali mawili yaliyokuwa yakichanganywa: nani anasema, na nani anaona? Chukua mtu mzima anayesimulia siku aliyopotea akiwa na miaka sita. Anayesema ni mtu mzima, anayeona ni mtoto. Nafsi ya kisarufi inajibu swali la kwanza tu. Ndiyo maana "a-" inaweza kuishi ndani kabisa ya kichwa cha mhusika, na "ni-" inaweza kusimama mbali ikajitazama kama mgeni.

Andika majibu ya maswali hayo mawili pembeni ya rasimu ya zamani, kisha pembeni ya rasimu mpya. Kama jibu la swali la pili ni lilelile, basi jicho halijahama. Ulichobadili ni sauti tu, na pengine tatizo lililokufanya ubadili bado liko palepale.

Nitatumia hadithi moja mwongozo mzima. Rehema na kaka yake Daudi wamefiwa na baba. Marehemu aliacha saa ya mkononi, imehifadhiwa kwenye droo. Daudi ameiuza kimyakimya. Jioni moja Rehema anafungua droo, saa haipo, na kaka yake anaingia. Rasimu ya kwanza inasimuliwa na Rehema:

"Nilivuta droo. Kijisanduku kilikuwa pale, ila kilikuwa chepesi. Nikasikia viatu vya kaka mlangoni. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta sindano."

Matukio hayatabadilika. Atabadilika msimulizi.

Dalili: msomaji hajui nani amefanya nini

Hii ndiyo dalili ya kwanza kujitokeza mtu anapotoka nafsi ya kwanza kwenda ya tatu. Tazama aya ileile ikigeuzwa kiambishi kwa kiambishi:

"Alivuta droo. Kijisanduku kilikuwa pale, ila kilikuwa chepesi. Akasikia viatu vya kaka mlangoni. Akamuuliza anatafuta nini. Akamwambia anatafuta sindano."

Nani alimuuliza nani? Nani anatafuta sindano?

Chanzo kiko kwenye sarufi yetu yenyewe. Neno "akaniuliza" lina watu wawili ndani yake na halimchanganyi hata mmoja: "a-" ni yule, "-ni-" ni mimi. Nafsi ya kwanza ilikuwa inakufanyia kazi hiyo bure, wala hukuiona. Ukihamia nafsi ya tatu, wote wawili wanavaa vazi moja. Kiambishi "a-" hakisemi mwanamume wala mwanamke, na "-m-" pia hakisemi. "Akamuuliza" yaweza kuwa Daudi kwa Rehema, au Rehema kwa Daudi, au mmoja wao kwa mtu wa tatu ambaye hata hajaingia.

Tiba ambayo wengi huikimbilia ni kurudia majina: "Daudi alimuuliza Rehema anatafuta nini. Rehema akamjibu Daudi kwamba anatafuta sindano." Utata umeondoka, na hadithi imeondoka nao. Hizi sasa ni kumbukumbu za kikao.

Jaribu hivi badala yake:

"Rehema alivuta droo. Kijisanduku kilikuwa pale, ila kilikuwa chepesi. Viatu vya kaka yake vikakoma mlangoni.
'Unatafuta nini?'
Mkono wake ulibaki ndani ya droo.
'Sindano.'"

Kuna mambo mawili yamefanyika hapo. La kwanza, usemi wa taarifa umegeuzwa kuwa usemi halisi. Ndani ya nukuu, "ni-" na "u-" zinarudi, na pamoja nazo unarudi ule utengano uliokuwa umepotea. La pili, kiima cha sentensi kimetolewa kwa mtu kikapewa kitu: viatu *vika*koma, mkono *uli*baki. Ngeli zetu zinatofautisha vitu vizuri kuliko zinavyotofautisha watu. Sentensi yenye "vi-" na sentensi yenye "u-" haziwezi kugombania mwenyewe. Nani anayeshika droo? Mkono wake. Nani anayesimama mlangoni? Viatu. Msomaji hapotei, na jina la Daudi halikuhitajika hata mara moja.

Dawa hii ina kipimo chake. Ukiitumia kwenye kila sentensi, utapata chumba kilichojaa mikono, macho, sauti na viatu vinavyotembea bila wenyewe. Itumie pale hadithi inapopokezana kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, na kwingineko acha "a-" ifanye kazi yake. Mara nyingi maana inajitosheleza: mtu anayeuliza si yule anayejibu.

Niongeze kwamba ukungu huu si laana wakati wote. Kwa Kiswahili unaweza kuandika hadithi nzima ya nafsi ya tatu bila msomaji kujua kama mhusika ni mwanamume au mwanamke, na hakuna sentensi itakayoonekana imepindishwa kwa ajili hiyo. Ni nyenzo ambayo lugha nyingi hazina. Inafaa itumike kwa makusudi, isiwe ajali ya kuhama nafsi.

Dalili: msomaji anahisi anasogezwa mbele na nyuma, ingawa "a-" ni ileile

Angalia sentensi hizi tatu:

"Kaka aliingia."
"Kaka yake aliingia."
"Daudi aliingia."

Zote ni nafsi ya tatu, lakini hazitoki mahali pamoja. Ya kwanza iko ndani ya kichwa cha Rehema, kwa sababu "kaka" bila "yake" ni namna anavyomwita yeye. Ya pili imesimama hatua moja nje, ikimtazama Rehema pamoja na ndugu yake. Ya tatu haina undugu na mtu yeyote. Kila moja inafaa. Tatizo linazuka zinapochanganywa ovyo: aya moja ina "kaka", inayofuata ina "Daudi", ya tatu ina "kaka yake". Msomaji hatajua kinachomchosha, ila atachoka.

Maneno ya undugu ni mashahidi wazuri sana wa mahali jicho lilipo, na mara nyingi ndiyo mabaki ya rasimu ya zamani. Katika aya tuliyogeuza kiambishi kwa kiambishi, "viatu vya kaka" ilibaki vilevile kwa sababu haikuwa na "ni-" ya kubadilishwa. Kitufe cha kutafuta na kubadilisha hakiwezi kuiona.

Maneno ya mahali na wakati nayo ni vivyo hivyo. "Daudi alikuja mlangoni" inasimuliwa na mtu aliye chumbani, au aliye karibu na chumba. "Daudi alikwenda mlangoni" inasimuliwa na anayemwona akiondoka alipo. "Kesho angemwambia mama" ni wazo la Rehema lililoachwa lijisemee, ijapokuwa limevaa nafsi ya tatu. "Siku iliyofuata angemwambia mama yake" ni taarifa kuhusu wazo hilo. "Hapa" na "pale", "huyu" na "yule", "sasa" na "wakati ule": kila neno la namna hii lina mtu aliyesimama mahali fulani akilitamka.

Ninachofanya ni kuchapisha rasimu kwenye karatasi na kuzungushia duara kila jina la mhusika, kila neno la undugu, kila kiashiria, na kila "kuja" na "kwenda". Kisha nauliza duara moja moja: nani angelisema hivi? Nikipata majibu mawili tofauti ndani ya aya moja bila sababu, nimeupata ugonjwa. Kazi hii huchukua muda mfupi tu kwa hadithi ya kurasa kumi, na sijawahi kuifanya nikatoka mikono mitupu.

Dalili: msimulizi anayejua yote anashangaa

"Kumbe saa haikuwamo."

Neno "kumbe" ni la mtu aliyegundua jambo sasa hivi. Rehema akisimulia, ni lake kwa haki. Katika nafsi ya tatu inayomfuata Rehema kwa karibu, bado ni lake. Daudi akisimulia haliwezekani: yeye ndiye aliyeiuza. Na kwa msimulizi maizi, yule anayejua yaliyomo katika kila kichwa, "kumbe" ni mshangao wa kuigiza. Msimulizi wa mdomo hulitumia ili ashangae pamoja na wasikilizaji wake, na hapo linapendeza, kwa kuwa yuko mbele yao na uso wake unaonekana. Kwenye karatasi lazima sauti yake iwe imeshajengwa tangu mwanzo kama sauti ya mtu anayetutambia hadithi, vinginevyo tutajiuliza kwa nini anayejua yote amepitwa na hili.

"Eti" ina nguvu hiyohiyo. Daudi akisimulia, "Akaniambia anatafuta sindano" haina hukumu. "Akaniambia eti anatafuta sindano" inatuonyesha Daudi asiyeamini. Neno la herufi tatu linabeba mtazamo mzima. Ukibadili msimulizi, pitia "kumbe", "eti", "labda", "huenda", "bila shaka" na "kwa bahati nzuri" moja baada ya jingine. Bahati nzuri kwa nani?

Dalili: kuna sentensi zinazoning'inia bila mwenyewe

Hizi naziita sentensi yatima. Mfano: "Wakati ule sikujua kwamba tungekaa miaka miwili bila kuzungumza." Ukiigeuza inakuwa: "Wakati ule hakujua kwamba wangekaa miaka miwili bila kuzungumza." Sasa nani anajua? Katika rasimu ya kwanza alikuwa Rehema wa baadaye, mwenye kovu, anayemtazama Rehema wa jioni ile. Ulipomwondoa "mimi", Rehema wa baadaye alikufa, lakini maneno yake yakabaki.

Hapa ndipo inapofaa kujua kwa nini mwandishi mmoja anaweza kubadili viambishi tu akasalimika, na mwingine akalazimika kuanza upya. Franz Kafka alianza kuandika riwaya ya Das Schloss (yaani "Kasri") mwaka 1922 kwa nafsi ya kwanza, kisha akarudi nyuma akafuta "mimi" na kuweka "K.", jina la mhusika, mahali pake. Aliweza kufanya hivyo bila kuvunja nyumba kwa sababu "mimi" wake hakuwa na kauli ya baadaye. Hakusema "nilikuja kuelewa", wala "leo nikikumbuka". Alijua kile tu mhusika alichokijua dakika ileile, kwa hiyo hakuacha yatima.

Fyodor Dostoyevsky alikutwa na hali ya pili. Riwaya yake ya uhalifu na adhabu, iliyotoka mwaka 1866, aliianza kama ungamo la muuaji mwenyewe. Mwaka 1865, akiwa ameshaandika sehemu kubwa, alichoma alichokuwa nacho na kuanza upya, na ikawa nafsi ya tatu. Ungamo lina mtu anayeungama, lina wakati wa kuungama, lina sababu ya kuungama. Mambo hayo matatu hayatoki kwa kufuta kiambishi.

Kwa hiyo kabla ya kuhama kutoka nafsi ya kwanza, pigia mstari kila sentensi ambayo mhusika asingeweza kuisema jioni ileile. Kama ni mbili au tatu, zifute au zigeuze kuwa tukio. Kama ni theluthi ya hadithi, sauti ile ya baadaye ndiyo hadithi yako. Ama ibakize nafsi ya kwanza, ama ukae chini uandike hadithi nyingine.

Dalili: umehamia nafsi ya kwanza na msimulizi anajua yasiyomfikia

Safari ya kurudi, kutoka "a-" kwenda "ni-", ina maradhi yake. La kawaida: Rehema anasimulia, na katikati tunasoma "Daudi alisimama mlangoni akijutia alichokifanya." Rehema amejuaje? Sentensi hiyo ilikuwa ya msimulizi maizi, imeingia bila kibali.

Wengi huitibu kwa kubandika "nadhani" au "alionekana kama": "Alionekana kama anayejutia." Hiyo ni plasta. Jiulize Rehema anaona nini kutoka pale alipo. Labda Daudi, ambaye kila siku huvua viatu mlangoni, leo hakuvivua. Andika hivyo, usiseme majuto. Msomaji atayaweka mwenyewe, na atayaamini kwa kuwa ameyavumbua. Naona hii ndiyo faida kubwa ya kumpunguzia msimulizi ujuzi: kila anachokatazwa kukijua kinakulazimisha utafute kitu kinachoonekana.

Jingine ni mtu kujiona kwa nje. "Uso wangu ulijaa huzuni." "Nilitabasamu tabasamu la kinyonge." Katika nafsi ya tatu sentensi hizi zilipita bila kelele. Katika nafsi ya kwanza zinahitaji kioo. Mtu huhisi shavu likivuta, koo likikauka, joto masikioni. Haoni uso wake.

Na vitenzi vya hisi vinaongezeka bila sababu: niliona, nilisikia, nilihisi, niligundua. "Niliona mlango ukifunguka." Ukiwa wewe ndiye msimulizi, nani mwingine angeuona? "Mlango ukafunguka." Bakiza "niliona" pale kuona kwenyewe kunapokuwa tukio, kwa mfano pale ambapo alikuwa hatakiwi kuona.

Dalili: siri imegeuka kuwa hila

Hili ni kosa zito kuliko yote niliyotaja, na ndilo linalomfanya msomaji afunge hadithi kwa hasira.

Tuseme umeamua Daudi asimulie. Unaipenda ile taharuki ya saa kutoonekana, kwa hiyo unaibakiza. Daudi anaingia, anamkuta dada yake kwenye droo, anashangaa, anauliza kuna nini, anamsaidia kutafuta chumba kizima. Kwenye mstari wa mwisho anatuambia ndiye aliyeiuza.

Ulidhani umempa msomaji mshtuko. Umempa sababu ya kutokukuamini tena. Rehema alipokuwa msimulizi, kutokujua kwake kulikuwa kwa kweli, na sisi tulikuwa gizani pamoja naye. Daudi anajua tangu neno la kwanza. Kunyamaza kwake ni tendo, na kila tendo katika hadithi linadai sababu. Kama hakuna sababu ndani ya hadithi, msomaji ataitafuta nje, na atamkuta mwandishi akiwa amesimama mbele ya pazia.

Kipimo changu ni hiki: je, inawezekana mtu huyu, katika dakika hii, asiliwaze jambo hili? Daudi amemkuta dada yake ameshika kijisanduku kitupu. Hawezi kuwaza kitu kingine chochote duniani. Basi ukilificha unadanganya. Lakini kama hadithi ingekuwa ya siku nyingine, Daudi akiwa kazini anazozana na mtu kuhusu jambo jingine, saa ingeweza kuwa mbali na mawazo yake, na kutoitaja kusingekuwa kosa.

Kuna njia mbili za kutoka. Ya kwanza ni kufichua mapema, katika aya ya kwanza ikibidi: "Saa ya baba niliiuza Jumanne." Wengi huogopa kwamba taharuki itakufa. Haifi, inahamia mahali pengine. Swali lilikuwa "saa iko wapi?" Sasa ni "atasema?" Swali la kwanza linakwisha pale linapojibiwa. La pili linaongezeka uzito kwa kila sentensi ambayo Daudi anaiacha ipite bila kusema. Dada yake anavuta droo, nasi tunajua. Anainua kijisanduku, nasi tunajua. Kwa hadithi fupi nadhani swali la pili lina faida kubwa zaidi, maana halihitaji vidokezo vya upelelezi wala nafasi ya kuvipanda.

Njia ya pili ni kuupa ukimya sababu. Daudi anamsimulia nani, na lini? Kama anamsimulia mama yao, ambaye bado hajui, basi kuzungukazunguka kwake kuna maana: tunamwona akikwepa, na kukwepa ndiko kunakomfichua. Anazungumza mno kuhusu sindano. Anaitaja droo mara tatu bila sababu. Msomaji anaanza kushuku kabla hajaambiwa. Hapo msimulizi asiyeaminika amejengwa vizuri, kwa kuwa sisi na mwandishi tunajua jambo ambalo msimulizi anadhani amelifunika. Bila ya kumjua msikilizaji wake, njia hii haifanyi kazi.

Dalili: umechukua msimulizi maizi na mvutano umekwisha

"Rehema alijua kwamba kaka yake ameiuza, lakini hakutaka kumwaibisha. Daudi alijua kwamba dada yake amegundua, na moyo ulimuuma."

Kila kitu kimesemwa. Hakuna tena kilichobaki kati yao, kwa sababu pengo lililokuwa kati ya vichwa viwili limefukiwa. Hadithi hii iliishi ndani ya pengo hilo.

Msimulizi maizi ana haki ya kuingia kila kichwa, lakini halazimiki kuitumia haki hiyo. Katika kurasa chache, mpe kichwa kimoja kwa kila onyesho, na akihama aonekane anahama: mstari mtupu, au sentensi moja inayotutoa nje hadi uani kisha ikaturudisha kwa mtu mwingine. Kama kweli unataka macho mengi, yatenganishe kabisa. Akutagawa Ryūnosuke, katika hadithi fupi ya mwaka 1922 kuhusu maiti iliyokutwa msituni, aliweka maelezo saba ya watu saba, mmoja baada ya mwingine, na hakuweka sauti ya juu ya kuwapatanisha. Maelezo ya wahusika wakuu yanagongana kuhusu nani aliua. Angeruhusu msimulizi mmoja ajuaye yote aingie hata kwa aya moja, hadithi ingekwisha papo hapo.

Dalili mbili za nafsi zisizotumika sana

Nafsi ya pili inasikika kama maagizo ya kutumia mashine: "Unavuta droo. Unainua kijisanduku." Mara nyingi chanzo ni kwamba "wewe" huyo hana maisha yake. Mpe jambo ambalo hakuna msomaji mwingine angelifanya, na mpe anayemwita "wewe" sababu ya kumwita. Rehema anayejisemesha mwenyewe ili asilie ni sababu. Kutaka tu kujaribu mtindo huonekana haraka.

"Sisi" nayo huyeyuka kuwa umati usio na uso. Mwandishi wa Marekani William Faulkner aliitumia mwaka 1930 kusimulia maisha ya bibi mmoja kupitia macho ya mji mzima, na inasimama kwa sababu mji ule una shauku, una wivu, na kuna vyumba haujawahi kuruhusiwa kuingia. Weka wazi nini "tu-" haiwezi kukiona.

Dalili: kila kitu ni sahihi, ila mwisho hauna nguvu tena

Umepitia yote hapo juu. Hakuna ukungu, hakuna yatima, hakuna siri ya uongo. Bado mstari wa mwisho unaanguka chini.

Rudi kwenye rasimu ya Rehema: "Nikamwambia natafuta sindano." Hadithi inakoma hapo na inatosha. Ameona kijisanduku chepesi, amemsikia kaka yake, amechagua uongo wa kumsitiri. Uongo huo ndio tendo kubwa, na mwenye kulitenda ndiye anayetusimulia. Kauli na tendo vimekutana mahali pamoja.

Sasa mpe Daudi mstari huohuo: "Akaniambia anatafuta sindano." Ni maneno yaleyale, na hayafiki. Tendo ni la Rehema, lakini tumekaa ndani ya Daudi, na ndani ya Daudi bado hakijatokea kitu. Amesikia jibu tu. Kwake yeye kilele ni dakika anayotambua kwamba jibu ni la uongo, yaani kwamba dada yake anajua, na kwamba ameamua kumwacha. Basi hadithi lazima isogee mbele kidogo:

"Akaniambia anatafuta sindano. Sindano zinakaa kwenye kopo la dirishani, na yeye ndiye aliyeziweka. Nikamwambia nitamsaidia kutafuta."

Na ukimwachia msimulizi wa nje, anayeona kwa macho tu na haingii kichwa cha mtu, hapo hata kopo la dirishani haliwezi kuelezwa kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuna wa kujua nani aliliweka. Itabidi liwe limeshaonekana mapema, ukurasa wa kwanza, Rehema akishona kifungo na kurudisha sindano koponi. Kisha mwishoni:

"'Sindano.'
Daudi alitazama dirishani, kisha akaitazama droo.
'Ngoja nikusaidie,' akasema."

Mwisho umehama mara mbili, na katika mara ya pili mwanzo nao umelazimika kubadilika. Kwa hiyo kabla hujahamisha hadithi nzima, andika aya ya mwisho peke yake kwa kila msimulizi unayemfikiria, na chini ya kila moja andika kitu gani kitahitaji kuwa kimeonekana kabla yake. Orodha hiyo ndiyo kazi halisi inayokungoja katika kurasa za mwanzo.